Uwazi na Uhakika wa Madai katika Hataza: Mtazamo wa Mwanaisimu wa Kiswahili

1. Utangulizi

Wachunguzi wa matumizi ya lugha wameshughulika sana na lugha ya mahakama, ya bunge, ya dini na ya magazeti. Iko aina moja ya maandishi ambayo haijapewa nafasi yake, ingawa ni vigumu kupata maandishi mengine ya kisheria yanayotegemea uteuzi wa neno mojamoja kwa kiasi hicho. Maandishi hayo ni madai ya hataza.

Hataza ni hati itolewayo na serikali kwa mtu aliyevumbua kitu kipya au njia mpya ya kufanya jambo. Hati hiyo humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila idhini yake kwa muda uliowekwa. Kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1994 kuhusu haki za miliki na biashara, muda huo usipungue miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Wasomaji wetu waliosoma kwa Kifaransa wameizoea hati hii kwa jina la breve.

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, kueleza maana ya sharti la uwazi ambalo sheria huwawekea watungaji wa madai. Pili, kuonyesha kwa mifano ya mashauri halisi jinsi neno moja, hata kihusishi kimoja, linavyoweza kumnyima mtu haki au kuiokoa. Tatu, kuuliza: je, Kiswahili kina vifaa gani vya kutimizia sharti hilo, na kina mitego gani?

2. Dai ni nini?

Hati ya hataza ina sehemu kuu tatu: maelezo, michoro na madai. Kazi ya maelezo ni kufundisha: hueleza uvumbuzi ulivyo na jinsi unavyotengenezwa, ili fundi wa fani hiyo aweze kuufanya mwenyewe. Michoro husaidia maelezo. Madai hayafundishi, kazi yake ni kuweka mpaka. Kila kilichomo ndani ya mpaka huo ni cha mvumbuzi kwa muda wa hataza. Kila kilicho nje ni cha watu wote.

Neno hili lahitaji maelezo kidogo, kwani katika Kiswahili cha kila siku dai huleta picha ya deni au ya mlalamikaji mahakamani. Katika hataza, dai ni kauli ambayo mvumbuzi hutaja kwayo kile hasa anachokihesabu kuwa chake. Kwa desturi ya Marekani, kila dai huandikwa kama sentensi moja tu, hata ikiwa ndefu namna gani, na madai yote hupewa namba. Kwa hiyo mwanaisimu anapolisoma dai, anasoma sentensi moja iliyobebeshwa mzigo mzito: haki yote ya mtu imefungwa ndani ya sarufi yake.

Tulinganishe na shamba. Mtu akisema, «Shamba langu liko karibu na mto, ni kubwa na lina rutuba,» amelisifu shamba lake bila kuliwekea mpaka. Jirani hajui alime hadi wapi. Akisema, «Shamba langu linaanzia kwenye mwembe ulio kando ya daraja, linafuata mto hadi kwenye jiwe jeupe,» hapo jirani anaweza kwenda kutazama. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba daftari lisilosomeka halitofautiani sana na kutokuwa na daftari.

3. Sharti lilivyozaliwa, na sababu zake

Sheria ya kwanza ya hataza ya Marekani, ya mwaka 1790, ilimtaka mvumbuzi aueleze uvumbuzi wake, lakini haikumtaka aandike madai. Msomaji alilazimika kusoma maelezo yote na kukisia mwenyewe ni kipi kilicho kipya. Sheria ya mwaka 1836 ndiyo iliyomtaka mvumbuzi ataje waziwazi sehemu anayoidai kuwa yake. Sheria ya mwaka 1870 ilikaza zaidi, ikitaka dai lionyeshe uvumbuzi mahususi na kuupambanua na mengine. Sharti hilo liliingizwa katika kifungu cha 112 cha sheria ya mwaka 1952, nalo lipo hadi leo.

Huko Ulaya, Mkataba wa Hataza uliotiwa sahihi Munich mwaka 1973 unasema katika kifungu cha 84 kwamba madai ndiyo yanayobainisha jambo linaloombewa ulinzi, na kwamba yawe wazi, yawe mafupi na yaungwe mkono na maelezo. Mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza wa mwaka 1970 una maneno yanayokaribiana na hayo katika kifungu chake cha 6.

Kwa nini sheria hizi zote zinasisitiza jambo lile lile? Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na jamii. Mvumbuzi anaifundisha jamii jambo jipya. Jamii nayo inamwachia soko kwa muda. Dai lisilo wazi huyaharibu mapatano hayo pande zote mbili. Kwa upande wa jamii, fundi mwingine hajui kama kazi yake ni halali. Akiwa mwoga, ataacha kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyekuwa na haki ya kumkataza. Akiwa jasiri, huenda akajikuta mahakamani akidaiwa fidia kwa kuvuka mpaka ambao hakuna aliyeweza kuuona. Kwa upande wa mvumbuzi, dai lisilo wazi linaweza kubatilishwa, na siri aliyokwisha kuifichua haiwezi kurudishwa kifuani.

Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la White na Dunbar, ilionya kwamba dai si pua ya nta, ambayo mtu huipinda huku na huko apendavyo. Ubaya wa dai legelege ni kwamba mwenye hataza hulibana anapotaka kuonyesha kuwa uvumbuzi wake ni mpya, kisha hulipanua anapotaka kumnasa mshindani.

4. Uhakika wa kiasi gani?

Hapa linazuka swali ambalo mwanaisimu atalitambua mara moja. Hakuna lugha ya binadamu iliyo wazi kwa ukamilifu. Je, sheria idai uwazi wa kadiri gani?

Jibu la Marekani lilitolewa mwaka 2014 katika shauri la Nautilus na Biosig Instruments. Hataza iliyobishaniwa ilihusu kifaa cha kupimia mapigo ya moyo wakati wa mazoezi. Mtu hushika fimbo kwa mikono miwili, na kila mkono hugusa vipande viwili vya chuma vinavyopokea umeme mdogo wa mwili. Dai lilisema kwamba vipande hivyo viwili vimewekwa kwa kuachana nafasi. Nafasi kiasi gani? Dai halikusema. Mahakama ya rufani ilikuwa ikitumia kipimo chepesi: dai lilihesabiwa kuwa batili pale tu utata wake ulipokuwa hauwezi kutatuliwa kabisa. Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji wote, ilikikataa kipimo hicho. Ilisema kwamba dai, likisomwa pamoja na maelezo na kumbukumbu za mazungumzo kati ya mwombaji na ofisi ya hataza, halina budi kumjulisha mtaalamu wa fani hiyo mipaka ya uvumbuzi kwa uhakika wa kadiri inayofaa.

Jambo la kuzingatia ni mwisho wa shauri lenyewe. Liliporudishwa katika mahakama ya rufani, mwaka 2015, dai lile lile lilionekana kuwa wazi vya kutosha hata kwa kipimo kipya. Majaji walisema kwamba nafasi hiyo haiwezi kuzidi upana wa kiganja cha mtumiaji, maana vipande vyote viwili lazima viguswe na mkono mmoja. Wala haiwezi kuwa ndogo kiasi cha kuvifanya vipande viwili kuwa kama kimoja. Aidha, kazi ya kifaa yenyewe, ambayo ni kuuondoa umeme wa misuli ili ubaki ule wa moyo, humwongoza fundi katika kupima. Kwa hiyo, neno lisilo na namba si lazima liwe neno lisilo na mpaka. Linalotakiwa ni kwamba msomaji mjuzi apate njia ya kuufikia mpaka huo.

Tofauti moja kati ya Marekani na Ulaya yafaa kutajwa. Nchini Marekani mahakama inaweza kuibatilisha hataza iliyokwisha kutolewa kwa sababu dai lake halieleweki. Katika mfumo wa Ulaya, ukosefu wa uwazi si miongoni mwa sababu za kuipinga hataza baada ya kutolewa. Uamuzi wa mwaka 2015 wa baraza kuu la rufani la Ofisi ya Hataza ya Ulaya ulithibitisha kwamba, katika kesi ya upinzani, uwazi huchunguzwa pale tu dai linaporekebishwa na marekebisho hayo yenyewe yanapoleta utata. Basi huko mzigo mkubwa umo mabegani mwa mkaguzi anayelisoma dai kabla hataza haijatolewa.

5. Maneno yanayokwamisha

Tukiyachunguza mashauri yaliyoamuliwa, tunaona kwamba maneno yenye matatizo yanaangukia katika makundi yanayoweza kutajwa.

(a) Maneno ya hisia. Mwaka 2005, katika shauri la Datamize na Plumtree, dai lilihusu programu ya kutengenezea kurasa za kompyuta zenye sura inayopendeza. Inayompendeza nani? Mahakama ilisema kwamba kitu kisichotegemea chochote isipokuwa maoni ya mtu mmoja mmoja hakiwezi kuwa mpaka. Mwaka 2014, katika shauri la Interval Licensing na AOL, neno lililoanguka lilihusu picha zinazoonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta kwa namna isiyomsumbua mtumiaji. Kimsumbuacho mmoja humburudisha mwingine.

(b) Vipimo visivyotaja njia ya kupimia. Hapa hatari imejificha zaidi, kwa sababu namba huleta sura ya uhakika. Shauri la Teva na Sandoz lilihusu dawa ya ugonjwa wa neva. Dai lilitaja uzito wa molekuli wa kilodaltoni 5 hadi 9. Lakini dawa hiyo ni mchanganyiko wa molekuli za ukubwa mbalimbali, na wataalamu wana njia tatu za kutaja uzito wa mchanganyiko kama huo: uzito unaojitokeza kwa wingi zaidi, wastani wa hesabu ya molekuli, au wastani unaozipa molekuli nzito uzito zaidi. Kila njia huleta jibu lake. Dai halikutaja njia, na mwaka 2015 mahakama ya rufani iliamua kwamba halikuwa na uhakika. Namba zilikuwapo, kilichokosekana ni maana yake.

(c) Kulinganisha na kitu kisichojulikana. Mashauri mawili yakiwekwa pamoja yanafundisha vizuri. Mwaka 1986, katika shauri la Orthokinetics, dai lilihusu kiti cha magurudumu ambacho sehemu yake moja ina vipimo vinavyoiwezesha kupita kati ya fremu ya mlango wa gari na kiti cha gari. Magari hutofautiana, lakini fundi anaweza kulipima gari la mteja wake na kutengeneza kiti kinacholifaa. Dai lilikubaliwa. Mwaka 1989, katika shauri la Brummer, dai lilihusu baiskeli ambayo umbali kati ya magurudumu yake ni asilimia 58 hadi 75 ya kimo cha mtu aliyekusudiwa kuiendesha. Dai hilo lilikataliwa, kwa sababu baiskeli ile ile ingekuwa ndani ya mpaka akipanda mtu mfupi na nje ya mpaka akipanda mtu mrefu, na hapakuwa na njia ya kujua ni mtu gani aliyekusudiwa. Msomaji ataona kwamba dai lenye asilimia ndilo lililoanguka, na lile lisilo na namba ndilo lililosimama.

(d) Kihusishi. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote kwa mwanafunzi wa lugha ni ule wa Chef America na Lamb-Weston, wa mwaka 2004. Dai lilieleza njia ya kuoka donge la unga lililopakwa ujiuji. Kwa maneno yake, donge hupashwa moto hadi kufikia joto la takriban nyuzi 400 hadi 850 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 204 hadi 454 za Selsiasi. Ni dhahiri kwamba mwandishi alikusudia joto la tanuri. Lakini kihusishi alichokitumia kilisema kwamba donge lenyewe lifikie joto hilo, na donge likifikia joto hilo haliliki tena: linakuwa makaa. Mwenye hataza aliiomba mahakama isome kihusishi kingine, kinachomaanisha «katika joto la». Mahakama ilikataa. Ilisema kazi yake ni kusoma dai kama lilivyoandikwa. Kulitunga upya si kazi yake, hata kama matokeo ni upuuzi. Kwa kuwa mshindani hakuwa akiunguza madonge yake, hakuwa ameivunja hataza. Hapa dai lilikuwa wazi kabisa, na uwazi huo ndio uliomwangusha mwandishi: maneno yalisema waziwazi jambo ambalo hakulikusudia.

(e) Viunganishi. Mwaka huo huo wa 2004, katika shauri la SuperGuide na DirecTV kuhusu orodha za vipindi vya televisheni, dai lilitaka angalau kimoja cha vitu vinne vilivyotajwa na kuunganishwa kwa kiunganishi kilingananacho na «na» yetu. Je, kinatosha kimoja kati ya vinne, au panatakiwa angalau kimoja cha kila aina? Mahakama ilichagua maana ya pili. Neno dogo namna hiyo lilitosha kuupunguza mpaka wa hataza.

6. Kiswahili mbele ya sharti hili

Mifano yote iliyotangulia imetoka katika Kiingereza, lugha yenye uzoefu mrefu katika kazi hii. Jambo hilo latosha kuonyesha kwamba uwazi hauji wenyewe kwa sababu ya hadhi ya lugha. Huletwa na kazi ya mwandishi. Tukitazame sasa Kiswahili kwa mfano wa kubuni. Tuseme fundi mmoja wa Goma ameiongezea chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobebea mizigo huko Kivu ya Kaskazini, breki ya aina mpya. Chukudu yenyewe haiwezi kudaiwa, kwa maana inajulikana na wote. Kinachoweza kudaiwa ni kile kipya tu. Fundi anaandika hivi:

«Chukudu nzuri yenye breki imara na springi za kutosha, inayoshuka mlima kwa usalama.»

Hii ni sifa ya sokoni. Nzuri na imara ni maneno ya maoni. Za kutosha haisemi zinatosha kwa kazi gani. Kwa usalama hutaja matokeo yanayotamaniwa, wala haitaji kitu kinachoyaleta. Mshindani yeyote mwenye breki anaweza kusema kwamba yumo au hayumo. Tujaribu tena:

«Chukudu yenye fremu ya mbao, gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma na breki, ambapo breki hiyo ina: kibao kimoja kilichofungwa kwenye fremu hiyo kwa bawaba juu ya gurudumu la nyuma, kipande cha mpira kilichopigiliwa chini ya kibao hicho, na springi angalau moja inayokiinua kibao hicho ili kipande hicho cha mpira kisiguse gurudumu la nyuma mpaka dereva atakapokikanyaga kibao hicho.»

Sentensi hii haipendezi masikioni, lakini jirani anaweza kuichukua akaenda kuilinganisha na chukudu yake. Tuchambue vifaa vilivyotumika na mitego iliyokwepwa.

Kwanza, virejeshi. Wakaguzi wa Marekani hufuata kanuni kwamba kitu kitajwe mara ya kwanza kama kigeni, kisha mara zote zinazofuata kama kinachojulikana. Anayetaja kitu kama kinachojulikana kabla hajakitambulisha huandikiwa kwamba dai lake halina uhakika. Kiingereza na Kifaransa hufanya hivyo kwa vibainishi vinavyotangulia nomino. Kiswahili hakina vibainishi vya namna hiyo, na wako wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo hakiwezi kuitimiza kanuni hii. Lakini kinacho kionyeshi cha urejeshi: huyo, hiyo, hicho, hilo. Kazi yake katika sarufi yetu ni hiyo hasa, kurejelea kilichokwisha kutajwa. Kibao kimoja hutambulisha. Kibao hicho hurejelea.

Pili, upatanisho wa kisarufi. Ngeli zetu ni msaada mkubwa: kitenzi chenye li- hakiwezi kurejelea kibao, wala chenye ki- hakiwezi kurejelea gurudumu. Lakini msaada huo una mwisho wake. Kama fundi wetu angeandika «springi inayokiinua kisiguse gurudumu», msomaji angeuliza: ki- ni kibao au ni kipande cha mpira? Vyote viwili ni vya ngeli moja. Je, tukibadili neno, tukaandika ubao badala ya kibao? Tungepata «inayouinua usiguse», na u- ingeweza kuwa ubao, lakini mpira nao hupatanishwa kwa u-. Kwa hiyo ngeli hupunguza utata bila kuuondoa. Kanuni salama ni kuirudia nomino yenyewe kila inapohitajika, hata kama mwalimu wa insha angeikata kwa wino mwekundu.

Tatu, idadi. Nomino nyingi za mkopo, kama springi, breki na betri, hazibadiliki umbo katika wingi. Katika «springi iliyofungwa» na «springi zilizofungwa» upatanisho hutuambia idadi. Katika «breki yenye springi» hatuambiwi lolote. Ndiyo maana mwandishi wa dai hana budi kusema moja, mbili au angalau moja.

Nne, -enye. Chukudu yenye breki, je, yaweza kuwa na taa pia? Katika lugha ya madai ya Marekani kuna maneno mawili yaliyopewa maana maalumu kwa desturi ndefu: moja huacha mlango wazi, yaani vitu vilivyotajwa pamoja na vingine vyovyote, jingine huufunga, yaani vilivyotajwa tu. Katika Kiswahili, -enye huelekea kuuacha mlango wazi. Atakaye kuufunga na aandike iliyoundwa kwa vitu fulani tu, pasipo kingine.

Tano, kwa na kauli ya kutendea. Kihusishi kwa kina maana nyingi mno. «Kulipasha donge moto kwa nyuzi 200» ni katika joto la nyuzi 200, au kuliongezea joto nyuzi 200? Shauri la donge lililoungua lingeweza kutokea kwetu pia. Kadhalika kauli ya kutendea hubeba chombo, mahali na mlengwa kwa umbo moja: kisu cha kukatia mkate ndicho kinachokata, lakini meza ya kukatia mkate haikati chochote. Anayeandika «kifaa cha kumwagia maji» aeleze kama maji yanamwagwa kutoka katika kifaa au ndani yake.

Sita, na na au. «Springi na kamba» huweza kumaanisha vyote viwili kwa lazima. «Springi au kamba» huweza kumaanisha kimoja tu, au chochote kati ya hivyo pamoja na vyote viwili. Kiswahili hakina umbo fupi la kutenganisha maana hizo za au. Yafaa kuandika kwa urefu: springi, au kamba, au vyote viwili.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba sharti la uwazi ni sharti la haki: mtu asiadhibiwe kwa kuvuka mpaka asioweza kuuona, wala mvumbuzi asinyang'anywe jasho lake kwa sababu ya sentensi mbovu. Tumeona pia kwamba Kiswahili kina vifaa vya kutimizia sharti hilo, na kwamba mitego yake inafahamika na inaweza kukwepwa.

Hata hivyo, maombi yanayopitia mkataba wa mwaka 1970 huchapishwa katika lugha 10, na Kiswahili si mojawapo. Shirika la miliki bunifu lenye makao yake Harare, ambalo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ni wanachama wake, hufanya kazi kwa Kiingereza. Hapa kwetu, sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 kuhusu miliki ya viwanda, iliyotungwa nchi ikiitwa Zaire, imeandikwa kwa Kifaransa, ilhali mafundi wengi wa mashariki ya nchi hupatana bei, hufundishana kazi na kugombana kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bidhaa za mafundi hao huvuka mipaka pamoja na lugha yao.

Hatupendekezi kwamba maombi ya hataza yaanze kuandikwa kwa Kiswahili mara moja. Liko jambo dogo zaidi linalowezekana, na Ulaya inalionyesha. Huko, madai ya hataza inayotolewa hutafsiriwa katika lugha mbili rasmi zilizobaki, ingawa matini yenye nguvu ya kisheria ni ile ya lugha ya kesi. Tafsiri hizo huwajulisha watu mpaka uko wapi. Idara zetu za lugha zingeweza kuanza na zoezi kama hilo: kuchukua madai yanayohusu kazi za mafundi wetu, kama vile majiko, pampu, mashine za kusaga na vyombo vya usafiri, kuyafasiri kwa Kiswahili, na kuyapima kwa swali moja tu: je, fundi akiisoma sentensi hii, ataweza kusema kama kitu alicho nacho mkononi kimo ndani yake au hakimo? Tafsiri isiyoliwezesha jibu hilo irudishwe mezani, iandikwe upya.